Nani anamlipa kocha wa tenisi?

Desemba 17, 2025 mcheza tenisi wa Hispania Carlos Alcaraz alitangaza kuachana na Juan Carlos Ferrero, kocha aliyekuwa naye tangu 2018, enzi hizo Alcaraz akiwa kijana wa miaka 15. Hapa Dar es Salaam, ambako wengi tunaifuata tenisi kwenye simu na wengine wanaifuata kwa sababu ya mkeka, habari ile ilipokewa kwa lugha tuliyoizoea: katimuliwa. Mchezaji amefunga mwaka akiwa namba moja duniani, kabatini wakati huo alikuwa na mataji 6 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, na bado kocha kafungashiwa virago. Mabishano yakaanzia hapo. Wapo waliosema huo ni ushahidi kwamba kocha katika tenisi ni pambo, mchezaji ndiye kila kitu. Wapo waliosema, hasa wazazi ambao watoto wao wameanza kushika raketi, kwamba ikiwa huko Hispania bingwa wa zamani wa Roland Garros kama Ferrero anaachwa, basi sisi na makocha wetu hatuna letu, tulete mgeni.

Hoja zote mbili zinamsoma kocha wa tenisi kana kwamba ni kocha wa Simba au Yanga, na hapo ndipo zinapopotea njia. Kocha wa soka huajiriwa na klabu, na mchezaji asiyemsikiliza huketi benchi. Kocha wa tenisi huajiriwa na mchezaji mwenyewe, yaani yule anayekemewa mazoezini ndiye anayeidhinisha malipo. Ukilishika hilo, la Alcaraz linaacha kuwa fumbo. Taarifa za Hispania zilizungumzia mkataba mpya ambao pande mbili hazikuafikiana. Kila mtu akashika njia yake, na Samuel López, aliyekuwa tayari ndani ya timu, akaendelea na kazi. Ninachodai katika makala haya ni kwamba maisha yote ya kazi ya kocha wa tenisi, kuanzia anamfundisha nani hadi anadumu kwa muda gani, huamuliwa na mfuko unaomlipa kuliko cheti chake au kipaji chake. Na Dar es Salaam mfuko huo ni wa mtu mzima mwenye kitambi anayetaka kutoka jasho kabla ya kwenda ofisini. Tusipoliona hilo tutaendelea kubishana kuhusu utaifa wa kocha huku watoto wakikosa saa ya kufundishwa.

Msomaji wa Dar ana mfano ulio karibu zaidi kuliko soka, nao ni ngumi. Bondia ndiye mwenye jina na ndiye anayepanda ulingoni. Mwalimu wake anakula kutokana na pambano, na wakigombana bondia anahamia gym nyingine bila barua ya uhamisho. Tenisi ya kulipwa inakwenda vivyo hivyo. Utaratibu unaotajwa mara nyingi kwa makocha wa wachezaji wakubwa ni mshahara wa wiki, gharama za safari, na sehemu ya zawadi za fedha, asilimia 10 hivi. Bingwa wa US Open 2025 alipata dola milioni 5. Asilimia 10 yake ni dola 500,000. Shuka sasa hadi ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanaume, mashindano ya ITF (Shirikisho la Tenisi la Kimataifa) yenye zawadi ya jumla ya dola 15,000. Bingwa wake hupata dola 2,160 kabla ya kodi. Fungu la kocha hapo ni dola 216, na hiyo ni endapo mchezaji ametwaa ubingwa wenyewe. Kwa anayetoka Dar, fedha hiyo hailipi hata tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana wachezaji wengi wa ngazi hiyo husafiri peke yao, au wawili watatu wakachangia kocha mmoja. Kocha yule tunayemwona kwenye televisheni amekaa na kofia yake kando ya uwanja ni mmoja wa watu wachache mno duniani, na kumtumia kama kipimo cha taaluma nzima ni sawa na kupima maisha ya wanamuziki wa Tanzania kwa kipato cha Diamond.

Mpangilio huu wa malipo unagusa mamlaka. Kocha anayelipwa na mchezaji anapimwa kila wiki na mtu yuleyule anayetakiwa kumkosoa. Naomi Osaka alimwacha kocha wake Sascha Bajin Februari 2019, wiki chache baada ya kutwaa Australian Open na kushika namba moja, na miezi michache tu baada ya Bajin kupewa tuzo ya kocha bora ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake. Novak Djokovic na kocha wake Andy Murray, waliotangaza ushirikiano wao Novemba 2024 kwa kishindo kikubwa, walikuwa wameshaachana kufikia Mei 2025. Upande wa pili yuko Toni Nadal, aliyemfundisha Rafael, mtoto wa ndugu yake, tangu utotoni hadi 2017. Toni amesema hadharani kwamba Rafael hakuwa akimlipa. Riziki yake ilitoka katika biashara za familia zilizoendeshwa na baba yake Rafael. Ndiyo maana aliweza kumwambia kijana maneno ambayo kocha wa mshahara angeyameza. Sidai kwamba kila kocha anahitaji udugu na mchezaji wake. Ukali ule ulikuwa na mdhamini, ndilo ninalosema.

Hata sheria ya mchezo ilimweka kocha pembeni. Kwa muda mrefu alikatazwa kumwelekeza mchezaji wake mechi ikiendelea, isipokuwa katika mashindano ya timu kama Davis Cup, ambako kapteni huketi uwanjani, katika baadhi ya mashindano ya wanawake ya WTA, na katika majaribio ya miaka ya karibuni. Fainali ya US Open 2018 ilianza kuvurugika pale Serena Williams alipopewa onyo kwa ishara za kocha wake Patrick Mouratoglou, ambaye baadaye alikiri kuzitoa. Ni tangu Januari 1, 2025 tu ambapo ITF imehalalisha rasmi maelekezo kutoka kando ya uwanja. Mfikirie kocha wa Jangwani au Msimbazi aliyezibwa mdomo dakika 90, kisha ujiulize kazi yake yote angeifanya lini.

Angeifanya kabla, na katika tenisi hiyo kabla ni kati ya miaka 6 na 14. Huko ndiko hesabu inapokuwa chungu. Soka ina utaratibu wa FIFA: mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ndogo ya Temeke iliyomkuza kijana inaweza, angalau kwenye karatasi, kudai chake. Tenisi haina uhamisho, kwa hiyo haina mgawo. Mwalimu aliyemfundisha mtoto kushika raketi hapati senti siku mtoto huyo anapotwaa ubingwa, wala siku anapopata nafasi katika chuo cha Marekani, njia aliyoipita Angella Okutoyi wa Kenya alipokwenda Chuo Kikuu cha Auburn. Hapo huzaliwa tabia mbili ambazo wazazi wa Dar wanazilalamikia kila siku. Kuna kocha anayemng'ang'ania mtoto hata pale anapostahili kwenda kwa mwalimu wa ngazi ya juu, kwa kuwa akiondoka ameondoka na ada. Na kuna kocha ambaye hajishughulishi kabisa na watoto. Tunaziita choyo na uvivu. Mimi naona ni majibu ya kawaida ya mtu anayejua kwamba faida ya kazi yake haitamfikia.

Dar ina sura yake katika hili. Tenisi iliingia mjini kupitia klabu ya wakoloni, na Gymkhana, jirani na bustani ya mimea upande wa Ocean Road, imebaki kuwa kitovu chake. Viwanja vingine viko kwenye hoteli, shule za kimataifa na nyua za makazi ya Masaki na Oysterbay. Makocha wengi walianza kwa kuokota mipira: mtoto anaokota, anaazimwa raketi iliyolegea nyuzi, anajifunza kwa kutazama, anakuwa mtu wa kupigiana mipira na mwanachama aliyekosa mwenzake, na baada ya miaka anaitwa kocha. Njia hiyo haina aibu yoyote. Imetoa watu wenye mkono mzuri kuliko wengi waliosomea. Lakini inamfundisha mtu jambo moja mapema sana, nalo ni kumridhisha anayelipa. Anayelipa hataki kurekebishwa sevu, ule mpigo wa kuanzisha pointi, miezi sita mfululizo. Anataka mipira imfikie vizuri kwenye fohandi, apige, ajisikie mchezaji, aende kunywa maji ya madafu. Kocha aliyekomaa katika kazi hiyo ana ustadi wa hali ya juu wa kumfanya mtu wa kawaida aonekane anacheza, na ustadi huo haumsaidii mtoto wa miaka 9.

Kisha kuna saa. Ukisimama pembeni ya viwanja vya jijini siku nzima utaona ratiba ikieleza kuliko hotuba yoyote. Saa 12 hadi saa 2 asubuhi ni wanachama wanaowahi ofisini. Kuanzia saa 4 jua na unyevunyevu wa bahari vinafukuza watu, sakafu inaunguza hadi kwenye soli ya raba. Watoto wanatoka shule alasiri, wakishapenya foleni wanafika saa 10 na nusu, na muda huohuo watu wazima wanaanza kutoka kazini. Saa 1 giza limeshaingia, na uwanja wenye taa ni wa kutafuta. Kwa hiyo kila mtu anazigombea saa mbili za jioni. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba saa ya mtu mzima ni shilingi 30,000. Kocha anayewapa saa hiyo watoto 8 kutoka Mbagala, ambao wazazi wao wanahangaika na nauli ya daladala tu, ametoa 30,000 mfukoni mwake. Akifanya hivyo mara tatu kwa wiki ni 90,000, naye ana kodi ya nyumba na ada za watoto wake mwenyewe. Ongeza masika, Machi hadi Mei: uwanja ukilowa hakuna mafunzo, na pasipo mafunzo hakuna malipo, maana mkataba haupo. Watu wanashangaa kwa nini kocha mzuri anahamia kwa familia moja ya Masaki inayomlipa kwa mwezi. Mimi ningeshangaa asipohamia.

Wanaotaka kocha wa kigeni wana hoja isiyo ya kubezwa. Mgeni aliyezunguka mashindano anaijua kalenda, anajua kijana aanze lini kusafiri na akacheze wapi, na, tuseme ukweli, wakubwa wetu humsikiliza mgeni haraka zaidi. Soka imetuonyesha faida yake: Nasreddine Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, na Fadlu Davids akaifikisha Simba fainali ya kombe hilohilo 2025. Lakini hao walikuta klabu zenye wachezaji wazima, mishahara na mashabiki. Mgeni wa tenisi akiletwa Dar atazikuta saa zilezile mbili za jioni, na kwa kuwa ni ghali, atauzwa kwa saa kwa walewale wenye uwezo. Bei ya saa itapanda. Idadi ya watoto itabaki ilipo.

Hoja ya vyeti ina uzito zaidi. ITF ina ngazi tatu za kozi, kuanzia kufundisha wanaoanza hadi wachezaji wa kiwango cha juu, na mfuko wa Olympic Solidarity hugharamia kozi za makocha kupitia kamati za Olimpiki za nchi, TOC kwa upande wetu. Mafunzo hayo yamebadilisha kabisa namna ya kumfundisha mtoto. Tangu 2012, mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayachezwi kwa mpira wa kawaida wa njano. Hutumika mpira mwekundu, ambao mwendo wake ni pungufu kwa asilimia 75 hivi, au wa rangi ya chungwa, pungufu kwa asilimia 50, au wa kijani, pungufu kwa 25. Uwanja wa mpira mwekundu una urefu wa mita 11 hivi, chini ya nusu ya zile mita 23.77 za uwanja kamili. Maana yake eneo linalotumiwa na watu wazima wawili linaweza kubeba darasa zima la watoto, na sehemu yoyote ya shule ya msingi iliyosakafiwa inatosha kuanzia. Kocha asiyelijua hili atampa mtoto wa miaka 7 raketi ya baba yake na mpira unaomruka kichwani, na mtoto ataondoka zake kucheza chandimu, tena atakuwa na haki. Kwa hiyo nakubali kwamba vyeti vinahitajika. Ninachokataa ni kudhani vinatosha. Kocha anarudi na cheti, wiki inayofuata yuko na mwanachama yuleyule alfajiri ileile, na mipira myekundu inakaa stoo kwa sababu hakuna anayeilipia saa yake.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kocha si kitu, kipaji kitajitokeza chenyewe. Watetezi wake humtaja Roger Federer, ambaye mwaka 2004 alitwaa mataji 3 ya Grand Slam bila kocha, na Richard Williams, aliyejifunza tenisi kwa vitabu na video kisha akawafundisha Venus na Serena. Federer alipouanza mwaka ule alikuwa na miaka 22 na alikuwa ameshapita mikononi mwa Peter Carter, Peter Lundgren na mfumo mzima wa chama cha tenisi cha Uswisi. Alikaa bila kocha baada ya kujengwa. Richard Williams naye alikuwa kocha, kukosa cheti hakumfuti, na bado familia yake ilihama California kwenda Florida ili mabinti wafundishwe na Rick Macci. Huwezi kuitumia mifano hiyo kuonyesha kwamba miaka ya mwanzo ni ya bure. Yote miwili inaonyesha mtu fulani aliigharamia.

Mfano ninaoupa uzito mimi ni wa Afrika. Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya Wimbledon 2022 na 2023 na ya US Open 2022, akapanda hadi namba 2 duniani, na kocha wake katika miaka hiyo alikuwa Mtunisia mwenzake, Issam Jellali. Alianzia klabu ya nyumbani kwao, na akiwa bado mtoto akaingia shule ya michezo ya serikali mjini Tunis. 2011 akatwaa Roland Garros ya wasichana. Okutoyi, aliyetwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, alipitia vituo vya mafunzo vya ITF barani Afrika. Katika visa vyote viwili palikuwa na mlipaji wa tatu kati ya kocha na mzazi, na alikuwepo kabla mtoto hajaanza kuingiza chochote.

Wenye shaka wana jibu zuri kwa hili: kocha wa mshahara huzembea. Tumeona ofisi za michezo zenye watumishi na hazina hata mpira mmoja. Anayelipwa kwa saa asipofika hali. Mwenye mshahara asipofika anakula kama kawaida. Ndiyo maana sioni haja ya kuajiri makocha wa tenisi serikalini. Zinunuliwe saa. Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, ambao hupata sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha (wale wa mikeka wanachangia bila kujua), au chama cha tenisi, au kampuni inayotaka jina lake lionekane, anunue zile saa mbili za jioni mara tatu kwa wiki kwa bei ileile ya mtu mzima, alipe kwa mahudhurio ya watoto, na alipe pia siku za mvua ikiwa kocha amewafundisha chini ya paa. Kocha hatakuwa anatoa sadaka tena, na atakuwa na sababu ya kuitoa mipira myekundu stoo.

Kipimo chake kiwe watoto wangapi bado wanacheza wakifika miaka 14. Wanaopenda vikombe hawatafurahi, lakini kocha akipimwa kwa vikombe vya chini ya miaka 12 atawafundisha watoto kuurudisha mpira juu juu hadi mwenzake akosee. Mbinu hiyo inashinda kila wiki katika umri huo, na inamwacha kijana bila silaha yoyote akifika 16.

Klabu zenye viwanja zitalalamika kwamba wanachama wamelipia jioni zao, na ni kweli wamelipia. Kiwanja kimoja kati ya vyote, siku tatu, kwa bei kamili, si dhuluma kwa mwanachama yeyote. Wazazi wenye uwezo nao wana sehemu yao. Anayemlipa kocha kwa mwezi amwandikie mkataba, wenye malipo ya miezi ya masika ndani yake, na wenye kifungu kinachosema mtoto akihamia kwa kocha mwingine au akipata ufadhili wa chuo, kocha wa kwanza apewe kiasi fulani kilichokubaliwa tangu mwanzo, kidogo, cha mara moja, na chenye mwaka wa mwisho ili kisigeuke kamba ya kumfungia mtoto. Wengine wataona ni kumfanya mtoto bidhaa. Lakini leo anazuiwa kuondoka kwa maneno ya kisirisiri na vinyongo, na kifungu cha wazi kinampa kocha sababu ya kumfungulia mlango mwenyewe. Kwa watoto wasio na mzazi wa kuandika mkataba, chama kiweke daftari: jina la mtoto, tarehe aliyoanza, kocha aliyemwanzisha. Pasipo daftari hilo, hata atakayekuja na fedha mkononi hatajua ampe nani.